Njia za Kinga Katika Pori la Kolwezi

Ukiuliza kijana wa Kolwezi njia ya kwenda Kamoto ao Mutoshi, atakuonyesha hata usiku. Sasa umuulize njia ya kwenda porini. Atacheka: "Pasta, porini kuna nini?"

Juu ya neno hilo, siku ya posho moja tulitoka na vijana kumi na kinga tano, tukipokezana. Tuliacha barabara ya malori, tukaingia njia ndogo inayoelekea kaskazini, upande wa ziwa la Nzilo. Ziwa hilo si la zamani. Mto Lualaba ulifungwa kwa ukuta wa baraji katika miaka ya 1950, kusudi migodi ipate umeme.

Njiani hakuna vumbi ya malori. Ukienda mwezi wa tisa, mvua haijaanza, utakuta miombo inatoa majani mapya mekundu. Mgeni anaweza kufikiri pori linawaka moto. Kiisha utaona mahali pengine kilima kisicho na miti, katikati ya pori. Si watu walioikata. Udongo una shaba nyingi, miti inashindwa kuota. Panaota majani mafupi na maua yaliyozoea shaba. Moja wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, ua dogo la zambarau. Watafuta madini walilitumia kama alama: likiota kwa wingi, chini kuna shaba. Vilima vingi vya namna hiyo vimekwisha kuchimbwa.

Tulipokutana na baba mmoja anasukuma kinga yenye magunia ya makala, vijana walimsaidia kupandisha mlima. Akatuambia: "Zamani nilichoma makala karibu, nikarudi nyumbani siku ileile. Sasa ninalala njiani." Hatukumlaumu. Ana watoto, na mimi pia nyumbani kwangu bukari inapikwa kwa makala. Lakini njia ileile tuliyoipenda ndiyo inayotoa pori, gunia kwa gunia.

Basi, tufanye nini? Angalia Nairobi. Msitu wa Karura, ndani ya mji, ulikaribia kugawanywa kwa wajenzi. Mama Wangari Maathai na wenzake walikataa, na mwezi wa kwanza 1999 alipigwa hata kutoka damu. Leo pale kwenye mlango watu wanalipa kiingilio, wanatembea na kupanda kinga pamoja na watoto wao. Mahali watu wengi wanapopenda kutembea, mwenye kuiba hapati nafasi kwa urahisi.

Sisi hatuna mlango wala kiingilio, lakini njia tunazo. Mzazi, chagua siku moja wakati wa kiangazi. Ondokeni mapema, mkiwa kundi. Mkifika kijijini, salimieni kwanza mfumu, mwombe ruhusa. Chukueni maji ya kunywa kutoka nyumbani; msinywe maji ya karibu na machimbo. Msiwashe moto katika majani makavu. Na ukirudi, panda mti mmoja kwenye kiwanja chako, juu ya makala unayotumia.

Kazi ya kwanza aliyopewa Adamu ilikuwa kutunza bustani. Wale vijana kumi sasa hawaulizi tena porini kuna nini. Wananiuliza: "Pasta, tutarudi lini?" Kijana asiyejua pori hatalilia siku litakapokwisha. Mpeleke alijue lingali lipo.