Kizuia Damu Kisichotokana na Mnyama

Mara kwa mara sisi wa kamati ya msikiti huulizwa na familia zenye mgonjwa anayesubiri upasuaji: je, sifongo atakayowekewa kuzuia damu haikutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe? Hofu hiyo si ya bure, kwani sifongo za namna hiyo zipo. Sharia huruhusu kilichoharamishwa panapokuwa na dharura. Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake, na penye badala ya halali udhuru hupungua.

Kwa baadhi ya majeraha, badala hiyo ni peptidi zinazojisuka zenyewe. Mwaka 1993 Shuguang Zhang na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza mnyororo mfupi wa asidi amino 16, ulioigwa kutoka protini ya hamira. Ulipotiwa katika maji yenye chumvi, ulijifuma ukawa utando usioyeyuka kwa joto wala asidi. Nduguye, RADA16, huundwa maabara pasipo kiungo cha mnyama. Ni maji maangavu. Yakigusa damu, peptidi hushikana kuwa nyuzi, na nyuzi huwa haidrojeli inayoziba jeraha. Kila kifungo peke yake ni dhaifu. Nguvu imo katika jamaa. Subhanallah!

Basi tusingoje mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tumuulize daktari mapema: kifaa hiki kimetokana na nini, na ipo badala yake? Ikikosekana, na uhai umo hatarini, tusimcheleweshe mgonjwa wetu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya Sharia.