Bagira Iliyoangukia Sahara

Ukurasa wa Mapshaper niliufungua nikiwa bado Goma, maana katikati ya Ziwa Kivu mtandao huja na kuondoka upendavyo. Ukishafunguka, programu hiyo ya ramani ya Matthew Bloch hufanya kazi yote ndani ya kivinjari. Faili haitumwi popote. Kwa mtu anayenunua mega kwa kujibana, tena mwenye ramani ya makazi ya watu mkononi, si jambo dogo. Basi boti ikiambaa na kisiwa cha Idjwi, nikaiona Bagira, komuni ya Bukavu, kwa mara ya kwanza: mistari myeusi juu ya weupe, bila mlima wala mtu.

Upande mmoja mistari ilipangana kama miyaa ya jamvi. Huo ni mtaa wa miaka ya 1950, kazi ya Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa 1952 wakati wa Wabelgiji. Kandokando mistari ilijikunja na kupandana: huko watu walijijengea wenyewe, wakifuata mteremko unavyoruhusu.

Bukavu nilishuka, motari akanipandisha hadi Bagira. Tope jekundu, watoto, madumu ya njano kila kona.

Kijana aliyenipokea alikuwa na faili ya mabomba ya maji, ya aina ya GeoJSON. Tukaifungua kwenye geojson.io, mbele ya mama wawili na mzee mmoja waliokuja kutazama. Nukta zote zikatua jangwani Algeria. Bukavu iko karibu latitudo 2.5 kusini, longitudo 28.85 mashariki, na kanuni ya GeoJSON, RFC 7946 ya mwaka 2016, inataka longitudo itangulie. Simu nyingi huonyesha latitudo kwanza. Aliyenakili alifuata simu.

“Maji yetu kumbe iko kwa Waarabu!” mama mmoja akasema. “Njo maana hayafikake huku.”

Tukacheka, tukageuza namba. Kosa la namna hiyo halinitishi, kwa kuwa linajitangaza lenyewe. Ninaloliogopa ni alama ya kutoa kudondoka kwenye latitudo: nukta zingeruka hadi kaskazini, upande wa Mungbere, zikabaki ndani ya Congo ileile, na mtu mwenye haraka asishtuke.

Faili ya vijia ilikuwa shapefile, aina nyingine ya faili za ramani, na herufi za Kifaransa zenye alama zilikuwa zimevurugika, école haisomeki. Tuliichagulia usimbaji wa UTF-8, tatizo likaisha. Mistari yenyewe haikuwa na kasoro yoyote kwenye skrini.

Tukatoka kuifuata kwa miguu. Kijia kimoja, ambacho kwenye kivinjari kilikwenda moja kwa moja hadi bombani, kilifika ukingoni mwa korongo kikaishia hapo. Mvua ilikuwa imekula udongo. Wenye madumu walikuwa wakizunguka kwa juu, nyuma ya shule, na njia hiyo ya kuzunguka haikuwamo katika faili yoyote tuliyokuwa nayo.

Tuliporudi, kijana akaukata mstari pale korongoni, akachora mzunguko. Tukaongeza safu mpya. Jina lake lilibidi liwe fupi, shapefile haipokei zaidi ya herufi 10, tukaiita “hali”. Akaanza kuijaza kijia kwa kijia, yule mama akiwa nyuma ya kiti chake, akimkatalia majibu matatu kati ya manne.