Uso wa Pikseli 60

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na pengine mmedhani nimeishiwa na mambo ya kuandika kuhusu programu. La hasha. Nimekuwa nikimpaka rangi mwanasesere usoni.

Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Nazungumzia zile sanamu za mashujaa zenye viungo vinavyokunjika, ambazo watu wazima huzikusanya na kuzipanga kabatini. Aliyezipa umaarufu ni G.I. Joe, askari wa urefu wa takriban sentimita 30 aliyetolewa na kampuni ya Hasbro ya Marekani mwaka 1964. Mwaka uliofuata wakatoa G.I. Joe mweusi. Weusi wenyewe ulikuwa wa rangi tu. Kichwa kilitoka kwenye kalibu ile ile ya mwenzake mzungu, pua ile ile, midomo ile ile, kikatiwa rangi ya kahawia basi. Usilisahau hilo, tutalirudia.

Kwa miaka mingi viwanda vilichapa macho na nyusi kwa muhuri laini wa silikoni. Muhuri unachukua wino kwenye bamba lililochongwa, unaubandika usoni, na kila rangi ina bamba lake. Ukisogea nusu milimita, shujaa anakuwa na makengeza. Mnamo 2017 na 2018 hivi, Hasbro na wenzao wakaanza kuzichapa nyuso kidijitali, kama printa inavyochapa picha. Ukichukua lenzi utaona vinukta vidogo vidogo vya rangi, kama vya picha ya gazeti. Ukiwa mbali, ni uso wa mtu. Mimi sina mashine hiyo. Nina brashi namba 3/0, vijiti vya meno, na lenzi yenye taa kama ile ya mafundi simu wa Luthuli Avenue.

Sasa niwaambie kwa nini.

Ndugu yangu mkubwa alifariki mwaka 2012, nikiwa kidato cha kwanza. Picha ya pekee tuliyo nayo ya utu uzima wake ilipigwa kwa simu mwaka 2009. Ukubwa wake ni pikseli 640 kwa 480. Amesimama mlangoni, mbali kidogo, na nilipoipima kwenye tarakilishi nikakuta uso wake una upana wa pikseli 60. Jicho moja ni kama pikseli 10 hivi. Hayo ndiyo yaliyobaki.

Kama mtu yeyote wa fani yangu, nilianza na programu. Siku hizi kuna za akili bandia zinazoikuza picha ndogo ikawa kubwa na safi. Nikaipa picha, nikasubiri, nikapata kijana mtanashati, kope moja moja zinahesabika, vinyweleo vya ndevu, hata mng'aro kwenye jino. Nilifurahi kwa sekunde tatu hivi. Halafu nikaona kwamba simjui huyo kijana. Programu haikuwa na habari zozote za ziada kuhusu ndugu yangu ila zile pikseli 60. Mengine yote iliyakisia kutokana na nyuso za watu wengine iliowahi kuwaona. Nikaifuta ile faili. Nikaifuta na kwenye pipa pia.

Ndipo nikaingia kwenye rangi. Kwa kipimo cha moja kwa sita, uso una upana wa kama milimita 25. Gawa kwa 60: kila pikseli ya picha yangu ni karibu nusu milimita kwenye sanamu. Hata brashi yangu ya bei nafuu huchora mstari mwembamba kuliko huo. Yaani mkono wangu ulikuwa na uwezo wa kuchora mambo mengi kuliko ninayoyajua.

Kichwa nilikipata Gikomba, kwenye lundo la vitu vya mitumba. Askari asiye na jina, ametoboka suruali, lakini paji la uso na taya yake vilinifanya nisimame. Hapa ndipo yule G.I. Joe wa 1965 anapoingia: rangi haibadilishi mifupa. Usipopata kichwa chenye umbo linalokaribiana, utapaka hadi kesho. Pua nililazimika kuiongeza kwa epoksi ya kukanda. Rangi ya kiwandani niliitoa kwa pamba na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Tahadhari: kichwa cha vinili laini kilivumilia, lakini tone moja lilidondokea mkono wa plastiki ngumu na vidole viwili vikashikana. Ana kiganja cha bata mpaka leo.

Kupaka kwenyewe ni kama kutunga programu: hatua ndogo, kisha hifadhi. Unaipunguza rangi ya akriliki kwa maji mpaka iwe kama maziwa yaliyochakachuliwa, unapaka matabaka membamba, na kila hatua ikikuridhisha unaifunika kwa vanishi. Ukikosea baada ya hapo, unafuta kosa jipya kabla halijakauka, na kazi ya jana inabaki salama. Nilitia kahawia ya wastani kwanza, kisha kahawia iliyokolea kwenye mashimo ya macho na chini ya midomo, kisha nikaing'arisha pua, mashavu na paji kwa kahawia niliyoichanganya na nyeupe. Nikachora macho, nyeupe safi na duara la kahawia katikati. Kama majuma matatu hivi, usiku baada ya kazi.

Kumwonyesha Mama ilinichukua juma la nne. Niliogopa. Niliogopa asimtambue, na niliogopa zaidi amtambue. Nilienda nyumbani Jumapili moja nikamwekea mezani bila kusema ni nani.

Akavaa miwani. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mbona amepauka hivi? Mtoto wangu hakuwahi kutoka nje bila kujipaka mafuta."

Nikabaki mdomo wazi. Akaongeza, "Na ameona nini? Macho yamemtoka kama aliyekanyaga nyoka."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo ripoti bora ya makosa niliyowahi kupokea maishani. Yote mawili yalikuwa kweli. Ukiongeza nyeupe kwenye kahawia unapata kijivu, na vanishi isiyong'aa juu yake hukamilisha sura ya mtu wa Julai aliyekosa mafuta. Ngozi nyeusi haing'ai kwa weupe. Nilirudi nikachanganya kahawia na rangi ya machungwa na hudhurungi ya njano kwa sehemu zinazopata mwanga, na kwa vivuli nikaacha nyeusi, nikatumia kahawia nyekundu yenye tone la buluu. Mdomo wa chini nikaupa uwaridi kidogo kuliko wa juu. Mwisho nikapitisha vanishi yenye mng'aro mdogo kwenye paji na pua. Akawa amepaka mafuta.

Macho yalikuwa na kosa la kipimo. Duara la kahawia la jicho la mtu mzima lina upana wa kama milimita 12, kwa hiyo kwangu ni milimita 2. Nilikuwa nimelichora zima, na weupe juu yake. Mtu aliyetulia hana jicho hilo: ukope wa juu hufunika sehemu ya duara, na kivuli chake huufanya weupe kuwa wa kijivu. Tena huo weupe si mweupe kamwe. Nilitia kahawia kidogo. Mstari wa ukope nikauchora kwa kahawia nzito badala ya nyeusi, nikaweka nukta ya mwanga upande ule ule kwa macho yote mawili, na tone la vanishi ya kung'aa ili yawe na unyevu.

Kope moja moja sikuchora. Vinyweleo vya ngozi sikuchora, ingawa nilikuwa nimejifunza kuvichora kwa sponji na vinatoka vizuri. Sikuwa navyo kwenye picha, wala kichwani mwangu.

Mara ya pili Mama hakusema kitu. Alimchukua akamweka kando ya runinga, akamgeuza kidogo atazame mlango. Juma lililofuata nilikuta amemshonea shati.

Kosa moja lilibaki: jicho la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia. Niliomba nimrudishe Nairobi nilirekebishe. Akakataa katakata. "Mwache. Ndivyo alivyokuwa."

Usiku huo nilifungua ile picha tena nikaikuza hadi mwisho. Kwa pikseli 10 kila jicho, huwezi kujua.