Waya wa Tatu

Mjukuu wangu amepata ampli ya gita ya valvu, ya Marekani, ya miaka ya 1960, na anataka ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Nimekataa. Ilikuja na waya mbili tu, bila ethi, na kapasita inayounganisha umeme na chesisi. Siku kapasita hiyo ikipiga shoti, umeme hufika kwenye nyuzi za gita, vidoleni mwake. Mwaka 1972 mpiga gita Les Harvey alifia jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyo na ethi. Basi kapasita itolewe, waya wa tatu ukazwe kwa bolti yake kwenye chesisi, fyuzi na swichi zikae kwenye waya wa moto. Na afungue fundi, si yeye: hata ikichomolewa, ndani huweza kubaki volti 400. Kijana amenuna. Waya nimeshanunua.