Ukoko wa Joko

Joko lenyewe lilikuwa kuukuu. Mama alikuwa amelinunua kwa familia moja iliyokuwa ikihama mjini Nakuru, na kwa miaka mingi ndilo lililowalipia wanawe karo. Humo zilitoka keki za harusi, za ubatizo na za mahafali ya watoto wa wenyewe. Hatimaye likaanza kufuka moshi. Kila lilipowashwa, mafuta na sukari iliyomwagika na kugandia sakafuni mwake viliungua upya, na harufu ile ikajipenyeza ndani ya keki. Jumamosi moja mteja alirudisha keki ya posa, akidai inanuka kama samaki wa kukaushwa. Mama hakubishana naye. Alimrejeshea pesa zake.

Jumatatu iliyofuata alirudi kutoka dukani na mkebe wa dawa ya kusafishia majoko. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Mama ni cha kuungaunga. Akampigia simu bintiye, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, akamtajia herufi moja baada ya nyingine za neno lililoandikwa kwa wino mwekundu. Binti alikuwa na mtihani wa fonolojia saa nane.

"Ni sabuni kali tu, Mama. Paka, usugue," akajibu, kisha akakata simu.

Kilichokuwamo mkebeni ni haidroksidi ya sodiamu. Kemikali hii huyageuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo maana hung'oa ukoko wa joko kwa wepesi wa ajabu. Lakini haibagui baina ya mafuta ya keki na ngozi ya binadamu. Mama, mikono mitupu, alihisi vidole vikiteleza akadhani ni povu lifanyalo kazi yake. Uchungu ulikuja baadaye. Jirani, kwa nia njema kabisa, alimkamulia limau juu ya vidonda. Huko zahanati muuguzi alimaka: kilichohitajika ni maji safi ya mfereji, mengi na kwa muda mrefu, si asidi juu ya jeraha. Hata trei za alumini, alizokuwa amezipaka dawa ile ile, ziligeuka nyeusi.

Binti alipofika nyumbani kwa likizo, aliikuta mikono ya Mama imefungwa bendeji hadi viwikoni.

"Ulisema ni sabuni, mwanangu."

Ni hayo tu. Hapakuwa na lawama katika sauti ile, na hapo ndipo ilipokuwa na ncha. Mtu aliyeweza kuchambua mofimu za kitenzi chochote alikuwa ameshindwa kumfasiria mamake neno moja.

Kazi ya kulisafisha joko ikawa yake. Mama aliketi kigodani akielekeza. Umeme ulizimwa ukutani na joko likaachwa lipoe kabisa. Nyavu za chuma zilichomolewa, zikalowekwa katika karai la maji moto na sabuni. Kisha Mama akaagiza iletwe bikaboneti ya soda, unga ule ule aliouzoea katika uokaji. Jirani alikuwa tayari amekuja na magadi ya kupikia githeri, akisisitiza kuwa kitu ni kimoja. Si kimoja. Magadi, yale ambayo ziwa lililoko Kajiado limepata jina kwayo, yana kaboneti ndani yake, na ukali wake huishinda bikaboneti. Majina hukaribiana, nguvu hazilingani; na nyumba ile ilikuwa imekwisha kuonja matunda ya kudhani.

Unga ulikorogwa kwa maji kidogo hadi ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, ukapakwa sakafuni na kutani, mbali na koili na mpira wa mlango. Uliachwa usiku kucha. Asubuhi ulifutwa kwa kitambaa kibichi, ukatoka na rangi ya kahawia. Palipobaki weupe palinyunyiziwa siki, pakachemka povu, pakafutwa tena. Binti alinyoosha mkono kutwaa waya wa kusugulia sufuria; Mama akamkanya. Ngozi ya ndani ya joko ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushiwa juu ya bati la chuma. Ukiikwaruza, mafuta hupata pa kushika. Ikibanduka, kutu huingia. Basi binti akatumia mwiko wa mbao, akikwangua taratibu, pembe kwa pembe. Ukoko wa miaka mingi haukwisha usiku mmoja. Ilibidi upakwe tena. Siku ya tatu joko liliwashwa tupu kwa nusu saa, madirisha wazi, na pua zote mbili zikatega. Hapakuwa na moshi.

Usiku huo binti aliketi na karatasi na mkebe ule. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini mkebe haukuwa na habari hiyo. Neno lile jekundu lilimsumbua kupita maswali yote ya mtihani. "Kali" halikutosha, kwani hata pilipili ni kali. Mwishowe akaandika: hubabua ngozi. Akaongeza glavu, madirisha, na kwamba dawa isichanganywe na nyingine yoyote. Akamsomea Mama.

"Joko ni nini?" Mama akauliza. "Lile la wafinyanzi?"

"Ni oveni, Mama."

"Basi andika oveni."

Binti alilikata neno, akaandika oveni juu yake, akaibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Mkebe ulikuwa bado na nusu ya dawa. Mama alimwomba auweke rafu ya juu kabisa, asikoweza kuufikia mjukuu.