Dakika Thelathini za Nani?

Kati ya kiwanja cha ndege cha Abeid Amani Karume, Unguja, na kile cha Pemba kilichopo nje kidogo ya Chake Chake, pana kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo yenye viti kumi na viwili huzimaliza kwa nusu saa. Huelekea kaskazini, Tumbatu ikabaki kushoto, ikaipita Nungwi, kisha maji matupu, na punde mikarafuu imekwishaonekana. Sisi tunaosafiri kwa masurufu ya ofisi hupenda kusema kwamba Pemba ni karibu.

Karibu kwa nani? Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Konde, alipigiwa simu asubuhi kwamba baba yake amefariki. Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri. Boti ya siku ile ilikuwa imekwishang'oa nanga Malindi. Ndege ilikuwapo na nafasi ilikuwapo. Nauli ndiyo haikuwapo, maana ni mara kadhaa ya ile ya boti. Wenzake walipitisha kofia darasani. Alipata kiti cha mchana, akashika gari hadi Konde, akawahi kumtia baba yake kaburini. Nilipompa pole aliporudi, aliniambia: "Dokta, ningekuwa peke yangu, ningezikiwa."

Wanaobaki baharini wana historia yao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, hata waliookolewa pekee walizidi 600. Idadi ya waliopotea inabishaniwa mpaka leo. Boti za sasa zina kasi na utaratibu bora, hilo nalikubali. Lakini mkondo ni uleule, na pepo za kusi hazijabadili tabia.

Sababu ya ughali wa ndege si fumbo. Njia ya kurukia ya Pemba ni fupi, ndege kubwa haiwezi kutua. Mafuta na mshahara wa rubani hugawanywa kwa vichwa vichache. Ila lipo jambo lisilotokana na urefu wa lami. Kila wizara ina Ofisa Mdhamini wake Pemba, na bado faili zito lazima livuke kwenda kutiwa saini Unguja. Anayelifuatilia huvuka pia: mstaafu, mjane, mwalimu anayedai malimbikizo yake. Ofisa huja kukagua asubuhi na kurudi jioni. Mwananchi hulala kwa jamaa siku tatu.

Napendekeza jambo dogo. Viti viwili katika kila safari ya asubuhi viuzwe kwa nauli ya boti, kwa mgonjwa mwenye barua ya hospitali na kwa mfiwa mwenye barua ya sheha, na Serikali ifidie tofauti. Gharama yake haihitaji mshauri mwelekezi. Karani yeyote anayeandaa hati za malipo ya safari zetu anaweza kuikokotoa kabla ya saa sita mchana, kisha akailinganisha na jumla ya masurufu ya mwezi mmoja.