Intaneti Iliyokatika Jioni Tu

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na walionitafuta jioni wanajua sababu: sikuwa nikipatikana. Leo nawaletea kisa kizima, maana huenda kuna mtu mahali anapigana na tatizo kama langu na amebakisha kidogo tu aitupe ruta yake kwenye pipa la taka.

Mimi hutengeneza programu za kompyuta. Mwaka jana nilihama Nairobi nikarudi nyumbani Eldoret, mtaa wa Kapsoya, kwa sababu mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuwa na wa kukaa naye ila mdogo wangu, ambaye bado yuko chuoni. Mteja wangu mkubwa yuko New York. Kikao chetu huanza saa moja jioni, ambayo kwao wakati wa kiangazi ni saa sita mchana. Sasa intaneti yetu, inayofika sebuleni kwa waya wa faiba, ikaanza kusumbua kila ikikaribia saa kumi na mbili na nusu. Asubuhi safi. Mchana safi. Jioni inakatika, inarudi dakika mbili, inakatika tena. Baada ya wiki mbili mteja akaniandikia kwa upole kwamba hali isipotulia kufikia mwisho wa mwezi, atatafuta mtu mwingine. Kwangu hiyo ilimaanisha kurudi Nairobi na kumwacha mama.

Mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta angeanza na vipimo. Mimi nilianza na lawama.

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Jioni ndipo anapotazama mpira kwenye simu, nikasema huyu ndiye anayetumaliza. Nikabadilisha nenosiri la waifai bila kumwambia. Kumbe usiku ule alikuwa na kazi ya chuo ya kuwasilisha, ikabidi akaifanyie kwa rafiki yake. Intaneti ikaendelea kukatika.

Halafu nikalaumu kebo za baharini. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikawa na intaneti ya kukokota. Lakini kebo ya baharini ikikatika, imekatika asubuhi na jioni. Haingoji jua lizame Kapsoya.

Mwisho nikalaumu kampuni. Fundi wao alikuja mara mbili, zote asubuhi. Akapima, akasema iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa, asubuhi.

Basi nikakaa chini, nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, ili waifai isinichanganye, kisha nikaandika skripti fupi ya Python inayotuma pingi kila sekunde 10 sehemu tatu: kwenye ruta yenyewe, kwenye kifaa cha kwanza cha kampuni nje ya nyumba, na kwenye seva ya Google yenye anwani 8.8.8.8. Majibu yote yanaandikwa kwenye faili pamoja na saa.

Mantiki yake ni rahisi. Ruta isipojibu, tatizo liko ndani ya nyumba. Ruta ikijibu lakini kifaa cha kampuni kinyamaze, tatizo liko kati yako na kampuni. Hivyo viwili vikijibu na Google inyamaze, tatizo liko mbele zaidi, na hapo huna la kufanya ila kunywa chai.

Niliiacha siku nne. Ruta haikukosa hata mara moja. Kila intaneti ilipokatika, kifaa cha kampuni na Google vilinyamaza pamoja. Nikafungua ukurasa wa ruta unaoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia kwenye faiba. Asubuhi ilisoma -23 dBm, jioni -29. Katika kipimo hiki, kila ukipungukiwa na 3 umepoteza nusu, kwa hiyo jioni nilikuwa nikipata robo tu ya mwanga wa asubuhi. Vifaa vingi vya aina hii huhitaji angalau -27 hivi. Chini ya hapo vinababaika.

Lakini kwa nini jioni? Nikarudi kwenye faili. Siku ya kwanza ilianza kukatika saa 12:24, ya pili 12:31, ya tatu 12:27. Siku ya nne ilikaa vizuri mpaka saa mbili na dakika kumi usiku. Nikajiuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Mama alikuwa ameenda kwa shangazi, akarudi saa mbili.

Nikaenda jikoni. Waya wa faiba unaingilia kwenye kona ya dirisha la chuma. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi ya jioni mnaijua. Mama akianza kupika hufunga dirisha, na fremu inaubana waya na kuukunja. Faiba ikikunjwa sana, mwanga huvuja nje badala ya kufuata uzi. Asubuhi akifungua, waya unapumua.

Na kwa nini tatizo lilianza majuzi tu? Kwa sababu miezi yote aliyokuwa kitandani hakuna kati yetu aliyekumbuka kufunga dirisha lile. Lilianza wiki ambayo mama aliacha magongo na kurudi jikoni mwake. Nilisimama pale nimeshika waya, sijui nicheke au nilie.

Nilimpigia fundi, nikamtumia faili pamoja na vipimo vya mwanga. Safari hii hakubisha. Alitoboa ukuta, akabadilisha kipande kilichobanwa, na ruta ikasoma -21. Dirisha linafungwa kila jioni. Mwisho wa mwezi umepita na mteja bado yuko.

Mdogo wangu nilimwomba radhi, na nenosiri nikamwandikia kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji. Aliisoma, akaniuliza kama na mama naye nitambadilishia nenosiri.

Haya ndugu zangu. Intaneti ikikusumbua, andika saa kabla hujataja jina la mtu. Halafu ukafuate waya wako kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka unapotokea nje.